Kadi na kopi yake zisilale begi moja: jibu kwa anayepanda Kilimanjaro bila laptopu

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mwezi ujao napanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu siku sita, nikishuka napumzika Moshi siku mbili alafu naenda Tanga, Pemba na Unguja kabla ya kurudi Dar, jumla kama siku 18. Nina begi moja la mgongoni na sibebi laptopu. Kamera yangu ni ya megapikseli 24, ina nafasi ya kadi moja tu, napiga RAW pamoja na JPEG, simu ni Android. Mwaka jana kadi ilinifia nikapoteza picha zote za ubatizo wa mtoto wa dada yangu. Sasa mmoja kaniambia nibebe haadi diski ya nje, mwingine kasema nipandishe tu zote Google Photos kila usiku. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Pole sana kwa picha za ubatizo, hizo hazirudiwi na najua dada yako mpaka leo akikumbuka inamuuma.

Nianze na haadi diski maana huo ushauri kwa safari yako haufai kabisa na aliyekupa pengine hajui. Haadi diski ya kawaida ndani ina sahani inayozunguka kwa kasi, na kile kichwa kinachosoma hakigusi sahani, kinaelea juu yake kwa utando mwembamba sana wa hewa. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, ule utando unakosa nguvu, kichwa kinaweza kushuka kikakwaruza sahani na hapo ndo mwisho wa picha. Diski nyingi watengenezaji wenyewe wameandika zisiwashwe zaidi ya mita 3,048. Wewe usiku wa kwanza utalala vibanda vya Mandara mita 2,720, hapo sawa, lakini usiku wa pili tu uko Horombo mita 3,720 na baadae Kibo 4,720. Yani ungekuwa unawasha diski mahali ambapo imeandikwa isiwashwe, tena kwenye baridi, tena baada ya kutikiswa kutwa nzima mgongoni mwa mpagazi. Iache nyumbani, ikusubiri ukirudi.

Google Photos kila usiku nayo tupige hesabu. Picha moja ya RAW, yani ile faili ghafi ya kamera, kwa kamera yako ni kama MB 25, JPEG yake kama MB 8, jumla MB 33. Ukipiga picha 250 kwa siku, na mlimani utapiga, hizo ni zaidi ya GB 8, kwa siku 18 unakaribia GB 150. Nafasi ya bure ya Google ni GB 15 tu na hizo unagawana na barua pepe zako na Drive, ile ya kuweka picha bila kikomo ilikoma tarehe 1 Juni 2021. Hata ukilipia nafasi bado kuna mtandao: ukipata kasi ya kupandisha ya megabiti 3 kwa sekunde, GB 8 zinataka saa sita nzima za simu kuwaka bila kukatika, kila usiku. Kule juu mtandao unakuja na kupotea kulingana na umesimama wapi, na chaji ya simu unaibania. Kwahiyo Google Photos tutaitumia, ila kwa kazi ndogo, nitafika huko.

Sasa kabla sijakwambia ununue nini nikueleze kilichonipata mimi, maana ushauri wangu wote unatoka hapo. Miaka kadhaa nyuma nilimpeleka mama Lushoto, kwao, alikuwa hajafika muda mrefu. Siku nne nampiga picha, na ndugu zake, na mlango wa nyumba aliyozaliwa, yeye kakaa kwenye kigoda anamenya njugu anacheka na shangazi yake. Kila jioni nilikuwa nahamisha picha kwenye diski ndogo, nilikuwa makini, sikuruka hata siku moja. Tulivyoshuka stendi kubadili basi begi langu lilichukuliwa nikiwa nimegeuka kumshika mama mkono ashuke ngazi. Kamera ilikuwemo, kadi zilikuwemo na diski yenye kopi zote ilikuwemo, mfuko wa pembeni wa begi hilohilo. Mama alipofariki mwaka uliofuata tulitafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza tukabaki na ile ya kigoda ambayo nilikuwa nimewarushia ndugu kwa WhatsApp. WhatsApp inaibana picha, upande mrefu ulibaki kama pikseli 1,600, kwenye simu inapendeza lakini tulipoichapisha A3 uso wake ukawa vimraba vimraba, njugu mkononi huzioni tena.

Kwahiyo mimi siku hizi nikiulizwa una bekapu naulizwa kitu kimoja tu kwa kweli: kopi yako iko wapi sasa hivi? Kama iko begi moja na kadi basi una picha moja iliyoandikwa mara mbili, mwizi mmoja, mvua moja, mtumbwi mmoja ukipinduka vinaondoka vyote pamoja. Wapiga picha wana ile kanuni ya 3-2-1, nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja iwe mahali pengine kabisa, na wengi wanaishika namba 3 na namba 2 wanaisahau namba 1, ile ya mahali pengine, ambayo ndo yenyewe.

Haya, vifaa. Nunua kadi nne za GB 64 badala ya moja kubwa ya GB 256. Kadi ina uzito wa kama gramu mbili, nne haziongezi kitu begini. Kubwa moja ikifa inakufa na safari nzima, na hiyo ya ubatizo nadhani ndo ilivyokuwa. Gawa kwa mahali, usingoje ijae: ya kwanza kutoka geti la Marangu mpaka Kibo, ya pili usiku wa kilele na kushuka, ya tatu Tanga na Pemba, ya nne Unguja. Na katika safari hii hufomati kadi yoyote, yani kuifuta yote na kuiandaa upya, na hufuti picha yoyote ndani ya kamera, hata iliyotoka mbaya, hata kidole kimeziba lenzi, mpaka umefika nyumbani. Makosa mengi ya kufuta hutokea usiku mtu amechoka anabonyeza haraka. Kadi ikimaliza zamu yake shusha kile kiswichi cha pembeni, iwe imefungwa, haiandikiki wala haifutiki.

Ukishazinunua zijaribu kabla ya safari, tafadhali sana. Kadi feki ziko nyingi madukani na sura yake ni ileile, kibandiko kilekile. Ndani imechezewa ijitangaze GB 64 wakati uwezo wake labda GB 8, utapiga na kamera haitakwambia kitu, ikishafika hizo GB 8 inaanza kuandika juu ya picha za mwanzo au inaandika hewa. Kuna programu za bure za kompyuta kama H2testw ya Windows na F3 ya Mac na Linux, zinaijaza kadi mpaka pomoni kisha zinasoma upya kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Inachukua muda, omba kompyuta ya mtu uiache ifanye kazi usiku.

Cha pili ni pa kuwekea kopi. Ukiwa na hela nzuri chukua SSD ndogo ya GB 500, haina kitu kinachozunguka ndani kwahiyo urefu wa mlima haiujali, Samsung T7 kwa mfano ina gramu 58 na inaingia mfuko wa shati. Ukibana matumizi flashi ya GB 256 yenye midomo miwili, mmoja wa USB-C wa kuingia kwenye simu, inatosha hizi siku 18. Na cha tatu ni habu ndogo ya USB-C, yani kipande kinachogeuza mdomo mmoja wa simu kuwa matundu kadhaa, yenye tundu la kadi ya SD, tundu la USB na ikiwezekana tundu la kuingiza chaji. Watu wananunua kadi rida peke yake alafu wanakuja kugundua simu ina mdomo mmoja, ukichomeka kadi flashi haina pa kukaa, inabidi unakili kwanza kwenye simu kisha utoe uchomeke flashi unakili tena, inafanyika ila simu lazima iwe na nafasi kubwa na muda unakuwa mara mbili.

Kila jioni ukishakula kaa kitandani na tochi ya kichwani, chomeka habu, fungua programu ya Files, kwenye flashi tengeneza folda ya siku hiyo, iandike 2025-08-14-horombo, mwaka mwezi tarehe, hivyo zinajipanga zenyewe. Kwenye kadi ingia DCIM utakuta folda za kamera, chagua za siku hiyo, bonyeza NAKILI. Usibonyeze HAMISHA. Ukihamisha simu inafuta huku inaandika kule, waya ukilegea katikati unaweza kujikuta picha nyingine haziko huku wala kule. GB 8 kwa simu ya kawaida ni dakika tano mpaka kumi hivi, usilale nayo. Folda ya kila siku ni muhimu pia kwa sababu kamera inahesabu mpaka 9999 alafu inarudi 0001, na kamera nyingine ukibadili kadi tu inaanza upya, basi ukirundika zote folda moja DSC_0001 ya Pemba inaweza kukaa juu ya DSC_0001 ya Mandara na simu ikakuuliza "badilisha?" na wewe usingizi umekushika ukasema ndiyo.

Zikiisha kunakiliwa hakikisha, na hapa ndo watu wavivu. Angalia idadi: picha 250 za RAW na JPEG lazima ziwe faili 500 pande zote mbili. Angalia ukubwa wa jumla, ulingane. Alafu fungua JPEG tano kutoka kwenye flashi, siyo kwenye kadi, ya mwanzo, ya mwisho na tatu za katikati, zivute uone mpaka nyusi za mtu. Ile picha ndogo inayoonekana kwenye orodha isikudanganye, faili inaweza kuwa imekatika nusu na kapicha kadogo kakaonekana kazuri tu. Kisha toa flashi kwa kuizima kwanza kwenye simu, usiichomoe tu.

Kuna kitu kimoja nakuomba ukikariri. Ukichomeka kadi yako kwenye simu na simu ikaandika kadi haisomeki, gonga hapa kuiandaa, USIGONGE. Hiyo kuiandaa maana yake ni kuifomati. Mara nyingi kadi haina ubaya wowote, ni kwamba kadi za GB 64 na kuendelea zinatumia mfumo wa kupanga faili uitwao exFAT na simu nyingine hasa za zamani haziuelewi, wakati zile za GB 32 kushuka chini zinatumia FAT32 ambao karibu kila simu inausoma. Chomoa kimyakimya, rudisha kwenye kamera. Nina hofu kadi nyingi zinazosemwa "ilikufa" ziliuawa na kidole hapo. Jaribu nyumbani wiki hii, simu yako ikikataa exFAT basi badala ya GB 64 nne nunua GB 32 saba, na hiyo flashi au SSD nayo uihakikishe hivyohivyo.

Sasa nani anabeba nini. Mlimani begi kubwa linakwenda na mpagazi na wewe una dogo la mchana. Flashi ikae begi kubwa katikati ya nguo, ndani ya mfuko wa zipu usiopitisha maji, na huo mfuko ndani ya kikopo kigumu. Kadi zikae mwilini kwako, mfuko wa ndani wa jaketi, sio kwenye begi la kamera. Usiku wa kilele mnaondoka Kibo kama saa tano au saa sita usiku, hapo ingiza kadi mpya tupu kwenye kamera na ile iliyopiga siku nne za kwanza iache Kibo pamoja na mizigo, maana kopi yake ya flashi, baada ya kunakili jioni ile, utapanda nayo wewe mfukoni. Umeona, kwa usiku ule vinabadilishana nafasi, ila havikai pamoja. Betri za akiba nazo zikae kifuani karibu na ngozi, kule juu baridi inashuka chini ya sifuri vibaya na betri iliyokuwa imejaa inaonesha tupu, ukiipasha joto mwilini inarudi. Na ukishuka kuingia kibandani kwenye joto la watu usiitoe kamera moja kwa moja, ifunge kwenye mfuko wake ukiwa bado nje, ngoja ipate joto taratibu, la sivyo mvuke unageuka maji juu ya lenzi na ndani kwenye tundu la kadi.

Ukifika Moshi oga, lala, alafu ndo ufanye kitu ambacho nakipenda kuliko vyote. Hakikisha tena flashi ina picha zote za mlima, kisha chukua kadi ya kwanza na ya pili zikiwa zimefungwa kiswichi, zifunge kwenye karatasi, zitie kwenye kiboksi kidogo cha dawa, kizungushie selotepu, nenda ofisi ya vifurushi ya basi la Dar. Andika jina na namba ya dada yako, chukua risiti, ipige picha umrushie. Basi ni saa tisa kumi barabarani, kesho yake dada anakwenda na kitambulisho anachukua. Hebu linganisha, GB 50 za mlimani kwa ile kasi ya megabiti 3 ni kama saa 37 za kupandisha, basi linakushinda mbali na halikati bando. Na kuanzia hapo picha za mlima ziko Dar kwa dada na ziko Moshi kwako, ndo ile ya mahali pengine kabisa tuliyoisema. Wengi wanaona ajabu kutuma kadi ya picha kama kifurushi, mimi natuma miaka yote, ila sitoi mkononi kifurushi ambacho kopi yake sijaifungua nikaiona kwa macho.

Hizo siku mbili za Moshi ndo pia zamu ya Google Photos. Chagua JPEG 20 za kila siku, zile ambazo zingepotea ungelia, MB 160 tu kwa siku, ziweke kwenye folda moja ya simu na upandishe hizo peke yake kwa ubora wa asili. Kwa safari yote haifiki GB 3, inaenea kwenye zile 15 za bure kama barua pepe zako hazijajaa. Kamera yako kama inatuma picha kwa waifai angalia mpangilio wake kwanza, baadhi zinatuma kapicha kadogo ka megapikseli 2 bila kukwambia, programu ya SnapBridge ya Nikon kwa mfano ndivyo inavyoanza. Na usifute picha ndani ya Google Photos ukidhani unapunguza simu tu, ukifuta pale imefutika na kule mtandaoni, iliyokuwa imepanda inakaa kwenye pipa siku 60 alafu basi. Kuna kitufe cha kupunguza nafasi ya simu, tumia hicho. Kwa ndugu wanaotaka kuona picha njiani watumie kwa WhatsApp kawaida, hiyo haihesabiki kama bekapu, ila ile unayotaka imfikie mtu bila kubanwa itume kama Hati.

Pwani adui anageuka, sio baridi tena bali chumvi, mchanga na jasho. Usibadilishe kadi ukiwa ndani ya mashua au ufukweni upepo ukivuma, punje moja ya mchanga kwenye tundu la kadi inaweza kuharibu zile pini ndogo. Badili chumbani, mikono mikavu. Kwenye boti ya kwenda Pemba na kutoka Pemba kwenda Unguja kadi zivae shingoni kwenye kile kipochi cha pasipoti ndani ya nguo, flashi iwe begini, na begi liwe miguuni pako, lisikae kwenye rundo la mizigo. Ukilala nyumba ya wageni na unatoka na kamera, flashi ibaki chumbani kwenye nguo chafu, kadi utoke nazo. Ukisafiri na mwenzako mpe flashi yake yeye alale nayo chumba chake, ni rahisi zaidi.

Na ikitokea pamoja na yote umefuta kadi au umefomati, acha kupiga papo hapo. Itoe kadi, funga kiswichi, andika kikaratasi, iweke pembeni. Kufomati kwa kawaida kunafuta orodha tu, picha zenyewe bado zimekaa mpaka nyingine ziandikwe juu yake, na kuna programu ya bure inaitwa PhotoRec, ya kompyuta, inazitafuta moja moja, nimewahi kurudisha harusi nzima ya watu kwa hiyo. Na ile kadi ya ubatizo kama hujaitupa na hujaipigia tena, iombee kompyuta ujaribu PhotoRec kabla hujasafiri, sikuahidi kitu ila kama simu ndo iliisema haisomeki matumaini yapo.

Wiki hii basi, jioni moja, piga picha 50 hapo mtaani kwenu, zima taa, vaa tochi kichwani na glavu za mlimani, ujaribu kunakili mwanzo mpaka mwisho kama vile uko Horombo, uone habu inakubali, flashi inasomeka, chaji inaingia. Kama kuna hatua inagoma niandikie modeli ya simu na maneno yanayotokea kwenye kioo vilevile kama yalivyo, nitakujibu kabla hujapanda basi la Moshi.